Mwaka Uliozidi

Mwaka mmoja ulizidi, na Natália hakujua ulikotoka.

Kipima mvua kilisimikwa katika ua wa msikiti wa Quionga, na kwa miaka thelathini na mitatu marehemu mwadhini Sufo alikisoma kila alfajiri, hadi Mola alipomchukua. Hata hivyo hati zake zilijaza miaka thelathini na minne. Karani wa zamani aliyezinakili aliona mzee amekosea kuhesabu, akaukata mwaka wa mwisho. Natália, mtakwimu mzaliwa wa Mueda aliyepelekwa Palma baada ya gesi kugunduliwa baharini, alizipokea zikiwa hivyo.

Vijiji vilikuwa vihamishwe ili kiwanda kijengwe. Kamati ya ardhi iliuliza jambo moja: je, anayepoteza bonde la mpunga lazima apewe bonde jingine, au mchanga wa juu, kule mwinukoni, unamtosha? Natália alitafuta wastani wa kila mwezi. Joto, lililopimwa Palma, lilipanda na kushuka kama ilivyotarajiwa. Mvua ya Quionga ilikuwa sawa mwaka mzima. Akaandika kwamba mvua haina msimu, na mchanga unatosha. Ripoti ilikuwa mikononi mwa mwenyekiti, na kikao ni alasiri ya siku ile.

Lakini moyo haukutulia. Asubuhi akaenda Quionga kwa Atija, binti wa mwadhini, mwenye bonde lililokuwa la kwanza kuchukuliwa.

"Ati Julai mvua inanyesha sawa na Januari?" Atija aliuacha ungo. "Mwanangu, Julai hapa hata vyura wanahama!"

"Hesabu ni za baba yako, mama."

"Baba yangu hakuwa mwongo. Labda msomaji."

Natália akafungua hati. "Basi nieleze hili. Mbona kila Disemba alikuwa akipima baada ya daku?"

"Daku ya Disemba?" Atija alitaka kucheka, kicheko kikamkauka. "Hebu nionyeshe. Baba aliandika namba tu. Huo ni mwezi wa kumi na mbili, ndiyo, lakini ni Ramadhani. Sisi tunaanza kuhesabu Mfungo Mosi, mwezi wa Idi."

Natália akaelewa. Mwadhini alihesabu kwa mwandamo. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua, na kila mwaka masika yalikuwa yamesogea siku kumi na moja hivi, kutoka mfungo mmoja, yaani mwezi mmoja wa mwandamo, hadi mwingine, yakazunguka duara zima. Kila mwezi ulipata fungu lake la mvua na la ukame. Ndiyo maana wastani ulilala kama mkeka. Na mwaka uliozidi haukuzidi kamwe: miaka thelathini na mitatu ya jua ni thelathini na minne ya mwezi.

Akakaa kibarazani na kompyuta, akaurudisha kila mfungo mahali pake katika mwaka wa jua. Adhana ya adhuhuri ikapita. Atija akasali, akamwombea, akarudi kusimama nyuma yake. Hatimaye mvua ikasimama wima: Disemba hadi Aprili, kisha karibu tupu. Mchanga wa juu usingebakiza maji ya kuivisha hata punje.

Wakapanda pikipiki moja kwenda Palma, wote wawili nyuma ya dereva.

Agostinho, mwenyekiti wa kamati, alikuwa ameshaifungua kalamu. "Doutora, jana mvua haikuwa na msimu, leo inao. Kesho itakuwa na mapembe?"

Wajumbe wakacheka. Natália hakuinamisha uso. "Kosa ni langu. Nilizisoma hesabu za mwadhini kwa kalenda asiyoitumia. Ukitia saini, watu hawa watalima vumbi, na jina lililo chini ya ripoti ni langu."

Agostinho akazilinganisha chati mbili, ya jana na ya leo, Atija akivuta uradi kimoyomoyo. Kisha akaufuta mstari wa mchanga, akaandika: bonde kwa bonde.

"Haya, bibi," alimgeukia Atija. "Nionyeshe bonde lililo wazi."

Ramani ikatandazwa. Karibu na pwani mabonde yote yalikuwa yamekwisha tiwa rangi ya kiwanda. Kidole cha Atija kikapanda polepole kuelekea Ruvuma, kikasita, kikatua.

"Hilo lina wenyewe," alisema Agostinho.

"Najua. Ni wakwe zangu, na hatujasemezana tangu mume wangu azikwe." Akajifunga upya kanga. "Mwanangu, umesema mvua ni Disemba?"

"Disemba, mama."

"Basi twende kwao sasa hivi. Novemba inakwisha."