Dakika Thelathini na Tano za Asteria
Kutoka kambi ya mgodi kule Geita, anakopika dada yangu Asteria, hadi uwanja wetu wa vumbi hapa Ushetu ni kilomita mia na arobaini angani, dakika thelathini na tano. Kwa barabara ni mabasi mawili na bodaboda, siku nzima. Nazijua hesabu hizo kwa sababu mimi ndiye mlinzi wa uwanja, na kazi yangu ni moja tu: kuondoa ng'ombe kabla kindege cha kampuni ya mgodi hakijatua.

Mama alipougua, Asteria alisema yeye yuko dakika thelathini na tano tu, tukiona hali mbaya tumwite. Tulimwita mwezi wa tatu, wa tano, na wa nane. Kila mara alisema yuko njiani. Mama akisikia ndege aliniambia nimwinue, nimfunge kitenge kizuri, nimweke mlangoni. Ndege ilishusha mabomba na madumu ya mafuta, ikaondoka. Nami nilimrudisha kitandani nikamwosha vidonda vya mgongoni, mimi mwanamume mzima. Na kila aliyekuja kumjulia hali alimwita Mama Asteria. Jina langu, Festo, hakuna aliyembandika hata kwa bahati mbaya, na liliniuma hilo kuliko kazi yenyewe.

Hata neno lake la mwisho halikunihusu. "Asteria asiponiona uso, msinifunike."

Alifariki Jumatano. Asteria alipiga simu akilia, akasema amepata nafasi kwenye ndege ya Ijumaa, atatua saa sita mchana, tumsubiri. Padre alikuwa na maziko mengine kigango cha pili, akatupa hadi saa saba.

Ijumaa wachunga mifugo wote walikuwa msibani wakichimba kaburi. Ng'ombe walijichunga wenyewe, na saa sita kasoro wakaingia uwanjani, kama arobaini hivi, wakalala katikati. Nilikuwa pale na fimbo yangu. Mluzi mmoja tu wangeondoka, maana wananijua.

Nikaketi juu ya pipa.

Ndege ilikuja, ikashuka, ikapaa tena. Ilizunguka mara tatu, chini kiasi kwamba niliona mkono ukigonga kioo. Nikasimama, nikapunga fimbo hewani kama mtu anayehangaika. Hatimaye ikageuka kurudi Geita. Nilifurahi, sitaficha. Nilisema kwa sauti, "Haya dada, sasa zionje dakika thelathini na tano zilivyo ndefu."

Nyumbani niliwaambia rubani ameshindwa kutua. Padre akatazama saa yake, akasema hakuna namna. Watu wakanipisha ili mimi, mtoto pekee niliyekuwepo, nikamfunike mama.

Wanawake walikuwa wameliweka jeneza mlangoni. Walimfunga kitenge kile kile na kumwinua kichwa kwa mto, uso wazi ukielekea uwanjani, kama nilivyokuwa nikimweka mimi. Nilikishika kifuniko, mikono ikakataa. Nilikuwa nimemkomoa Asteria, na aliyekomolewa alikuwa amelala mbele yangu.

Shangazi Klara alidhani ni uchungu wa kufiwa. Akanishika bega.

"Mfunike, mwanangu," alisema. "Amemsubiri vya kutosha."

Nikamfunika.