Pindo la Sketi ya Ernesta

Jumatatu ya kwanza ya Januari, Sharifa, fundi cherehani wa Hedaru, alimpima Ernesta sare ya shule kwenye kibaraza chake, hatua chache kutoka pale malori yanapoegeshwa. Alipima kifua, kiuno na urefu wa sketi. Ernesta alikuwa na miaka kumi na miwili na alikuwa anaingia darasa la sita. Beatha, mama yake, alisimama pembeni na kitambaa cha bluu mkononi. Walikuwa wametoka Burundi mwezi Novemba kumfuata baba, aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya mpunga Kihurio na kurudi nyumbani Jumapili tu. Vibali vyao vyote vilikuwa sawa.

Beatha aliomba sketi iachwe pindo refu, maana watoto hukua. Sharifa aliuliza mtoto ametoka nchi gani. Alipojibiwa, alisema basi pindo halina haja.

Kwao Ernesta alikuwa wa pili katika darasa la watoto themanini na wanne. Alisoma kwa Kirundi na Kifaransa. Siku ya kwanza shuleni, Mwalimu Loth wa darasa la sita alimsimamisha asome habari ya familia inayokula chakula cha mchana. Ulimi wa Ernesta ulizoea r ya Kirundi, lugha isiyo na l, kwa hiyo familia ile ikawa inakura. Darasa lilicheka mpaka watoto wa chumba cha pili wakaja kuchungulia. Kipindi cha hisabati alimaliza hesabu zote za sehemu ubaoni kabla mwalimu hajafuta vumbi la chaki mikononi. Maswali ya maneno, yaliyoandikwa kwa Kiswahili, aliyaacha wazi.

Mwalimu mkuu, Rogathe, alikuwa mama mpole wa kutoka milimani, mzee wa kanisa, na hakuwahi kumchapa mtoto. Aliamua Ernesta aanzie darasa la nne ili apate msingi. Alhamisi Ernesta aliketi la nne. Ijumaa asubuhi sketi ilimfika kwenye vifundo vya miguu, na viatu vikawa vinampwaya.

Beatha alimrudisha kwa Sharifa.

“Wamemshusha mpaka la ngapi?” Sharifa aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

“La nne.”

Sharifa alipima, akasema ni sentimita kumi na mbili, ndivyo wanavyopungua. Beatha alimwuliza kama amewahi kuwashonea wengine wa namna hiyo. Ndiyo, wawili wa kutoka Msumbiji, mwaka juzi. Mmoja alikishika Kiswahili mapema, akaishia la tatu. Wa pili, Sharifa alimpunguzia nguo hadi akamshonea sare ya darasa la awali.

“Halafu?”

“Halafu mama yake hakuja tena kwa sare, Mama Ernesta. Alikuja kutafuta kanga ya mbeleko.”

Njia nzima Beatha alimshika mtoto mkono kwa nguvu, mpaka Ernesta akasema anamwumiza.

Mtihani wa Machi alipata mia katika hisabati; safari hii hapakuwa na maswali ya maneno. Kiswahili alipata kumi na nane, na masomo mengine, kwa kuwa yote yaliulizwa kwa Kiswahili, yalifuata mkondo huohuo. Akashushwa hadi la pili. Kufikia Jumatatu meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka na ya utoto yamerudi mahali pake, na hakuweza tena kufikia komeo la mlango. Akili yake haikupungua. Alikokotoa sehemu kama zamani, ila rula ilikuwa nzito mkononi. Jumapili baba yake alimtazama kwa muda mrefu, akauliza kama anakula vizuri. Alipoambiwa anakula, alisema walimu ndio wanaojua, akaenda kuoga.

Tangu hapo, kila alfajiri kabla ya kuwasha moto, Beatha alipitisha mkono juu ya blanketi kutafuta miguu ya mtoto, ajue imeishia wapi.

Aprili alikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Alieleza kwa Kiswahili alichokuwa nacho: mtoto apimwe kwa Kifaransa, au hata kwa namba peke yake, mara moja tu.

“Mdogo wangu,” alisema Rogathe, “mtihani ni mmoja kwa watoto wote. Hapa hatubagui.” Alimwonyesha dirishani, ambako Ernesta alikuwa mstarini na wenzake. “Halafu mtazame mwenyewe. Yule si mtoto wa la pili?”

Beatha alitazama. Ernesta alilingana na wenzake kabisa.

Rogathe aliongeza kwamba Novemba kuna kipimo cha kusoma, na asiyejua kusoma hurudi awali. Beatha alishukuru. Nje ya ofisi aliketi kwenye ngazi mpaka kengele ikalia.

Mwalimu Loth alimkuta hapo. Alisema siku ile ya sehemu alimwona mtoto, na alipaswa kusema.

“Sema sasa,” Beatha alimwambia.

“Nimeshasema. Nimejibiwa kwamba mimi ni wa la sita.”

Aliahidi kumfundisha Ernesta baada ya vipindi. Akamfundisha miezi saba, akimwelekeza pa kuweka ncha ya ulimi, nyuma ya meno yale ya utoto. Ernesta alirudia maneno njiani, akiosha vyombo, na usingizini.

Siku ya kipimo Beatha aliacha kuosha masufuria kwa mama lishe, alikokuwa kibarua, akasimama chini ya dirisha la darasa. Alimsikia mwanawe akisoma, neno moja, kisha kimya, kisha neno jingine. Katika kila kimya Beatha alifumba macho. Hakuna l iliyopotea.

Kwenye mkutano wa wazazi, Rogathe alimbeba Ernesta, akamsimamisha juu ya kiti ili aonekane, akampa daftari jipya. Alisema mtoto huyu ana akili kuliko umri wake. Wazazi walipiga makofi, na Beatha akapiga. Mwalimu Loth alikuwa anatazama sakafu.

Januari Ernesta aliingia la tatu, akiwa na miaka kumi na mitatu na kimo cha miaka minane. Mwezi huohuo shule ilipokea ndugu wawili kutoka Kongo, nao wakaanzishwa chini ili wapate msingi.

Nyumbani Beatha aliacha Kirundi. Alimkataza hata mumewe. Kwa kuwa Kiswahili chake hakikutosha, mambo mengi hakuyasema tena, na wakati wa kula zilisikika sahani tu.

Jioni moja Ernesta alimwuliza kwa Kirundi, kwa sauti ndogo, kama atarudi kuwa mkubwa. Beatha alisikia vizuri. Aliendelea kupepeta mchele, akingoja mtoto aulize kwa Kiswahili.