Kifaru Alipomwachia Redio

Lori lilikuwa limeegeshwa katikati ya uchochoro, dereva wake hajulikani alipo, na gari la zimamoto lilikwama nyuma yake dakika kumi na mbili likilia king'ora bure. Lilipopata njia, ghala la magodoro lilikuwa linatapika moshi mzito, na umati ulikuwa umeshapata wa kumlaumu.

"Mmekuja bila maji kama kawaida yenu!"

Jiwe la kwanza lilivunja taa ya gari. La pili lilimpata dereva wake shavuni.

Kutoka nyuma ya gari waliruka wawili. Mmoja kikosini aliitwa Kifaru, kwa ajili ya mabega yake. Mwenzake aliitwa Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Miaka tisa walikuwa wameshika mpira mmoja wa maji, Redio mbele, Kifaru nyuma. Mtu akapiga kelele kwamba mlinzi yumo ndani.

"Twende upesi," Redio alisema akivaa kinyago. "Huko ndani angalau hakuna mawe."

Mlinzi hakuwamo. Alikuwa ametoka zamani kwenda kunywa chai. Walipogeuka kutoka, paa likashuka, na boriti ikamlaza Redio kifudifudi. Kifaru aliiinua kwa bega huku glovu zikimyeyukia mikononi. Akamshika mwenzake kwa mkanda wa mgongoni, akamburura hadi nje. Redio alikuwa anakoroma. Kifaru aliusikia ule mkoromo vizuri.

Mlangoni walimngoja watu wenye mbao.

"Mmechelewa! Mali yetu imeteketea!"

Ubao wa kwanza ulimpiga Kifaru mgongoni, akaendelea kuburura. Wa pili ulitua kwenye paja la Redio. Hapo Kifaru akauachia mkanda.

Alimrukia mwenye ubao, akampiga ngumi ya mdomo, akamwangusha na kumkalia kifuani. Akapiga tena na tena, mpaka meno yakatoka pamoja na damu, mpaka yule mtu akaacha kujikinga. Dereva na Mkuu wa kituo walimvuta kwa nguvu wakimng'oa pale. Aliporudi kupiga magoti kando ya Redio, mkoromo ulikuwa umekwisha.

Mkuu alimpa siku tatu za mapumziko.

Kwenye mazishi Kifaru alisimama nyuma kabisa, akaondoka kabla mjane hajamwona. Nyumbani kwa mjane hakukanyaga. Mkewe, fundi cherehani, alipomuuliza kulikoni, aliupiga ngumi mlango wa kabati ukapasuka. Benki alimkunja shati mzee wa watu aliyemkanyaga kwa bahati mbaya. Watoto wakajifunza kunyata ndani ya nyumba yao wenyewe.

Jumamosi moja asubuhi, wiki ya tano baada ya msiba, mkewe alikuwa barazani anashona sare za shule. Kwa jirani mafundi walikuwa wanaezeka, na mzigo mzima wa mabati ukawaponyoka. Kishindo kile hakijaisha, Kifaru alitoka mbio jikoni, akamrukia mkewe, akamwangusha sakafuni pamoja na cherehani yake, akamfunika kwa mwili wote. Mfupa wa bega la mkewe ukavunjika, ko! kama ukuni mkavu.

"Usinyanyuke! Boriti! Boriti!"

"Ni mabati, baba watoto! Niachie, unaniua!"

Hakusikia. Ilibidi mkewe amng'ate mkono hadi damu ikatoka ndipo akamwachia. Kifaru akautazama mkono wa mkewe unavyoning'inia, akawatazama watoto mlangoni, akatoka peku na hakurudi.

Jumatatu mkewe alikwenda kituoni, mkono umefungwa kifuani.

"Shemeji, pole sana," Mkuu alisema akimvutia kiti. "Yupo hapa. Analala kwenye stoo ya mipira. Nilimpa siku tatu, nikadhani..."

"Siku tatu? Mafua tu yanataka wiki!"

"Sisi tulilelewa hivyo. Mwanaume hujikaza."

"Amejikaza, Mkuu. Matokeo yake haya hapa," akamwonyesha bega. "Mnawafundisha kuingia kwenye moto. Nani anawafundisha kutoka?"

Mkuu aliufunga mlango. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye mwenyewe tangu siku ile hajalala usiku mzima, na mke wake ameshahamia chumba cha watoto.

"Basi tafuteni mtu anayejua kazi hiyo," mwanamke alisema. "Mimi nakwenda kwa mwenye msiba."

Mjane wa Redio alikuwa mwalimu. Mke wa Kifaru alimkuta anasahihisha madaftari, kalamu nyekundu mkononi. Mjane alisikiliza habari yote, ya mabati na ya bega, bila kumkatiza.

"Nilidhani ananichukia," alisema mwishowe. "Dada, wiki tano watu wanapishana mlangoni kwangu, hata nisiowajua. Wote wananiambia mume wangu hakuumia. Yeye aliyekuwepo hajaja. Nipeleke."

Stoo ilinuka mpira na ukungu. Kifaru alikuwa amekaa juu ya kreti, ndevu zimemwota ovyo. Alipomwona mjane alisimama, akatazama mlango kama mwizi aliyebanwa.

"Shemeji, kaa chini uniambie," mjane alisema. "Usinifiche kitu."

Akamwambia. Alimweleza boriti na mkanda, mkoromo na mbao. "Alikuwa hai, shemeji. Nilimwachia ili nipigane. Nilikuwa nampiga mtu wakati mumeo anakata roho peke yake chini."

Mjane aliichukua kofia ngumu iliyokuwa rafuni akampiga nayo usoni. Nyusi ikapasuka. Akampiga tena, na tena, kichwani, shingoni, kwenye mikono iliyoungua, huku akilia kwa sauti ambayo iliwaleta askari wote mlangoni. Kifaru hakuinua hata kidole. Mkuu alitaka kuingia, lakini mke wa Kifaru alimzuia kwa mkono wake mzima.

"Mwache."

Kofia ilimtoka mjane mkononi kwa kuchoka. Alikuwa anahema, na damu imemrukia blauzi.

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Yeye? Hakusema kitu?" Kicheko kifupi kilimponyoka, kikageuka kwikwi. "Usingemwachia, angepona?"

"Sijui, shemeji. Kila siku najiuliza. Sijui."

"Na mimi sijui," alisema, akaondoka bila kuaga.

Jioni ile Kifaru alirudi nyumbani na nyuzi tano kwenye nyusi. Mkewe alimtandikia kochi sebuleni. "Mfupa upone kwanza," alimwambia, "ya kitanda tutayaongea." Kesi ya mtu aliyevunjwa meno nayo haikufutwa: Kifaru alikiri kosa, akahukumiwa kifungo cha nje, na Mkuu akamtoa kwenye zamu za moto.

Mkuu alimpata muuguzi mstaafu, mama aliyefanya kazi miaka mingi kwenye wodi ya walioungua. Kila Alhamisi saa tisa alasiri walipanga viti kwenye ukumbi wa kituo, askari na wake zao, na askari wa kike na waume zao. Alhamisi ya kwanza walitazamana tu, dereva akakohoa, wakanywa soda wakaenda zao. Ya pili dereva alianza kusimulia lile jiwe la shavuni, akashindwa kumaliza. Mama hakumharakisha.

Ya tatu, walipokuwa wameshakaa, mlango ulifunguliwa akaingia mjane wa Redio. Kulikuwa na viti vitupu karibu na mlango, lakini alivipita, akaenda kukaa mkabala na Kifaru, magoti yao yakikaribia kugusana. Alilitazama kovu kwenye nyusi yake kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia yule mama.

"Leo naanza mimi," alisema.