Kura ya Lenora

Katika miaka thelathini na mmoja aliyosimamia kura pale ukumbi wa Vang, Orval Tvedt hakuwahi kumruhusu hata mchungaji wake apige kura dakika moja baada ya muda. Mlango ukifungwa, umefungwa. Mtu wa namna hiyo akiapa kwa uongo uzeeni, ujue kuna kitu kimemvunja, na Orval aliapa kwa uongo siku mbili tu baada ya kumzika mkewe.

Ugomvi ulianzia kwenye huo huo ukumbi. Miaka sita nyuma, binti yao Gretchen, karani wa kaunti aliyesimamia uchaguzi pale, aliufunga. Wapiga kura walikuwa wamebaki arobaini na watatu, paa lilikuwa linavuja, na kaunti nzima ilikuwa inahamia kura za posta, zile za kujazia nyumbani. Sababu zote zilikuwa za haki, Orval alizielewa vizuri, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Ukumbi ule baba yake mzazi aliupigilia misumari kwa mkono wake. Tangu siku hiyo alizungumza na bintiye habari za mvua na bei ya ngano, basi. Gretchen akija Jumapili, baba mtu anatafuna viazi kimya na kuomba chumvi kama anamwomba mgeni.

Mwaka huu Gretchen akagombea ukatibu wa jimbo, kiti cha yule anayesimamia uchaguzi wa jimbo zima. Lenora akachomeka bango lenye jina la bintiye mbele ya nyumba. Orval akawa anakata majani kulizunguka, huku ananung'unika.

"Limekukosea nini hilo bango?" Lenora alimwuliza siku moja kutoka barazani.

"Linaharibu majani."

"Majani yako yalishakufa tangu Agosti, mzee. Sema lingine."

Jumatano kabla ya uchaguzi wakakaa jikoni kujaza karatasi zao, kahawa na pai ya tufaha mezani, kama walivyofanya tangu kura za posta zianze. Kawaida yao walisomeana majina kwa sauti na kuyacheka, hasa ya wagombea wa bodi ya maji. Safari hii, walipofika kwenye ukatibu wa jimbo, Orval aliifunika karatasi yake kwa mkono kama mtoto wa shule anayeogopa kuibiwa majibu. Akaweka alama kwa yule mwingine, bwana mmoja wa mjini ambaye hata jina lake hakujua kulitamka. Wala hakumpenda. Alitaka tu bintiye aonje, japo mara moja, kuachwa na mtu wako mwenyewe.

Lenora aliweka kalamu chini.

"Ukishafunika, Orval, huna haja ya kuniambia."

"Kura ni siri."

"Miaka hamsini na miwili hukuwa na siri, leo ndiyo umeipata? Yule ni mtoto wako."

"Nimesema kura ni siri."

Haya ilimshika, na haya ikimshika alikuwa mtu wa haraka. Akaikunja karatasi, akavuta bahasha iliyokuwa karibu, akaitumbukiza, akalamba gundi, akasaini. Aliingiza yake kwenye bahasha iliyobaki, akasaini bila miwani, akavaa koti, akatoka nazo zote mbili mpaka kwenye sanduku la posta kando ya barabara. Aliporudi aliosha vyombo. Alhamisi nzima walizungumza mambo ya lazima tu, dawa umekunywa, mlango umefunga. Ijumaa asubuhi moyo wa Lenora ulisimama akiwa anakunja taulo. Orval alimkuta sakafuni, na taulo bado zilikuwa na joto la mashine.

Walimzika Jumatatu. Jumanne ukawa uchaguzi. Jumatano asubuhi simu ikalia, aliyepiga ni Patsy Hruska, naibu karani. Gretchen, kwa kuwa jina lake lilikuwa kwenye karatasi, alijiondoa kabisa kwenye kazi ya kuhesabu, akamwachia Patsy kila kitu.

"Mzee Orval, pole tena. Nisamehe kukusumbua wakati kama huu. Bahasha zenu zina kasoro. Unaweza kufika leo kabla ya saa kumi na moja jioni? Baada ya hapo sina uwezo tena."

Akafika mapema. Patsy aliziweka bahasha mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilichapwa jina la Lenora, lakini iliyosainiwa ilikuwa sahihi ya Orval, nene na wima. Ya pili ilichapwa jina la Orval, na chini yake mwandiko wa Lenora, herufi zimelala upande mmoja. Hakuwa ameuona mwandiko ule tangu afariki.

"Hutokea kila uchaguzi, hasa kwa watu na wake zao," Patsy alisema taratibu. "Mnakaa meza moja, bahasha zinabadilishana. Mngekuja wote wawili lingekuwa jambo la dakika tano. Mtu akifariki baada ya kupiga kura, jimbo letu linaihesabu, ila bahasha yake lazima iwe na sahihi yake. Hii ya mama ina sahihi yako, naye hawezi kuja kuirekebisha." Akaisogeza bahasha ile pembeni. "Hiyo imekwisha, mzee wangu."

"Na hii nyingine?"

"Hii ina jina lako. Ukiapa kwamba karatasi iliyomo ndani ni yako, ila sahihi tu ndiyo ilikosewa, unajaza fomu na inahesabiwa. Kama iliyomo ni ya marehemu, niambie. Hapo nitalazimika kuzikataa zote mbili."

Orval alijua fika iliyomo ni ya nani. Ile yake, ile ya kinyongo, ilikuwa kwenye bahasha ya Lenora, nayo imeshakufa. Iliyobaki juu ya kaunta ndiyo aliyoijaza mkewe, jina la bintiye likiwa limewekwa alama, na ukweli ungeiua. Akamkumbuka mama mmoja aliyekuja pale ukumbini zamani kumpigia kura mumewe mgonjwa. Orval alimrudisha, akamwambia sheria ni sheria. Yule mama alitoka analia, na Orval akala chakula chake cha mchana bila taabu yoyote.

"Mzee?"

"Ni yangu," alisema.

Akainua mkono wa kulia, akaapa, akasaini. Kisha akaenda kukaa ndani ya gari lake pale nje ya ofisi akalia, yeye ambaye kaburini hakutoa chozi.

Gretchen alishindwa, kwa kura mia sita na kitu katika jimbo zima. Jumamosi akaja nyumbani peke yake, akapasha moto chakula kilicholetwa na kina mama wa kanisa, wakakaa wawili kwenye meza ya jikoni. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Baba, jana baada ya hesabu kufungwa nilitazama orodha ya waliopiga kura," alisema. "Ya mama imekataliwa. Sahihi haikulingana. Na kanuni hiyo nimeitetea mimi, nimezunguka jimbo zima naisifu kwenye kila jukwaa. Kura ya mwisho ya mama yangu, halafu ofisi yangu ndiyo imeitupa." Akajifuta kwa kiganja. "Ila yako imehesabiwa."

Orval alikaza macho kwenye sahani.

"Nilidhani hutanipigia. Acha niseme ukweli, nilikuwa na hakika hutanipigia. Lakini Patsy aliniambia ulikwenda mwenyewe kuapa, siku mbili baada ya kuzika. Nikasema, mtu hawezi kuhangaika hivyo kwa kura ya mtu mwingine." Akanyoosha mkono, akaushika wa baba yake, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka sita. "Nimeshindwa jimbo zima, lakini wewe nimekupata. Asante, Baba."

Hapo angenyamaza tu. Mwenye akili angenyamaza, angekubali asante ile, na Jumapili zake zingerudi. Amani ilikuwa imekuja yenyewe mezani, imeshika mkono wake. Lakini mtoto alikuwa analia kwamba mama yake katupwa, na Orval hakuweza kumwachia mzigo huo aondoke nao.

"Ya mama yako haikutupwa," alisema. "Bahasha zilibadilishana. Nilikuwa na haraka. Ile iliyohesabiwa kwa jina langu, karatasi ya ndani ni yake. Nilimwapia Patsy kuwa ni yangu."

Gretchen alikuwa amefanya kazi ya kura miaka ishirini, hakuhitaji kuchorewa. Uso ulimfunguka.

"Mama amehesabiwa?"

"Amehesabiwa."

"Wewe? Wewe umeapa uongo?" Akacheka huku machozi yanamtoka. "Baba, wewe uliyemfungia mchungaji nje?"

Kisha kicheko kikapungua, kwa sababu akili yake ilikuwa bado inapiga hesabu.

"Kwa hiyo iliyokataliwa ni yako."

"Ndiyo."

"Ulimpigia nani?"

Zamani angemjibu kwamba kura ni siri. Safari hii hakuweza.

"Si wewe, mwanangu."

Gretchen aliutoa mkono wake taratibu, akauweka mapajani. Orval alisubiri atukanwe, na kwa kweli angefarijika.

"Mama alijua?"

Afadhali angemwuliza swali lolote lingine duniani.

"Alijua. Aliniona nikifunika karatasi. Hatukuzungumza vizuri tena mpaka Ijumaa."

"Siku zake mbili za mwisho," Gretchen alisema, akasimama. "Ulizitumia kununa kwa ajili ya ukumbi."

"Nisamehe, mwanangu."

"Sijui, Baba. Leo sijui."

Alichukua koti lake akatoka bila kuaga, na gari likasikika likiwashwa, likarudi nyuma, likaondoka. Orval alibaki pale mezani, chakula kikipoa mbele yake, akisema nisamehe, nisamehe, na hakuwa tena na hakika anamwambia yupi.