Nani Atatoka

Kwa siku tatu Hadia alifunga mizigo na kuifungua. Mumewe Madi, fundi seremala, alikuwa amepata kazi bandarini Mombasa, naye amerudi Lamu kumchukua. Gari lingeondoka Mokowe Jumanne asubuhi. Leo ilikuwa Jumatatu.

Nyumba waliyokaa ilikuwa ya Hadia. Baba yake, Bwana Khatib, alimpa alipoolewa, kama mama yake naye alivyopewa yake. Madi aliingia na sanduku moja. Sasa mdogo wake Hadia, Swafiya, angeolewa mwezi wa Rajabu, na Bwana Khatib hakuwa na nyumba nyingine ya kutoa. Hadia akihama, hii ingekuwa ya Swafiya.

"Dada, mapazia nishayapima," Swafiya alisema akicheka.

"Ngoja nitoke kwanza!" Hadia akamgeukia mumewe. "Hicho chumba ulichotupangia Majengo, huko Mombasa, kimeandikwa jina la nani?"

"Langu. Mpangaji ni mimi."

"Na tukiachana?"

"Bi Hadia, hata ndia hatujaishika, ushaniacha?"

"Nimekuuliza."

Madi alikuna ndevu. "Kule mke ndiye hutoka."

"Na hapa?"

"Hutoka mimi."

"Uende wapi?"

"Kwa mama, Matondoni."

"Mama yangu mimi, huko Mombasa, yuko mtaa gani?"

Swafiya aliacha kucheka. Madi akainuka, akaketi, akainuka tena.

Alasiri walikwenda kwa kadhi, Bwana Khatib na jirani mmoja wakiwa mashahidi. Madi alitamka, karani akaandika, kwamba popote watakapokaa, wakiachana yeye ndiye atakayetoka na Hadia atabaki.

"Wenzangu bandarini wakisikia, wataniita mgeni wa mke wangu," alinung'unika.

"Miaka minne umekuwa mgeni wake," alisema Bwana Khatib, "na sikukuona ukikonda."

Jumanne Hadia alimkabidhi Swafiya nyumba, kisha yeye na Madi wakavuka hadi Mokowe. Garini Hadia aliitoa hati ya kadhi, akaisoma mara mbili. Ilimfunga Madi, hilo lilikuwa wazi. Mwenye nyumba wa Majengo haikumhusu. Yeye angeweza kuwatoa wote wawili mwezi wowote autakao. Akaikunja. Kisha akaifungua tena, kuona kama majina ya mashahidi yote mawili yamo.

Yalikuwamo. Gari lilifika Witu, naye bado hajaegemea kiti.