Akina Moffat Munene Saba

Wangechi aliandika programu za vyama vya wafugaji katika ofisi moja mjini Nyeri, na hakuna kilichomkera kama jina lililoandikwa mara mbili. Alipofungua orodha ya chama kimoja cha maziwa huko Kiriaini na kukuta Moffat Munene saba wa kijiji kimoja, alicheka peke yake. Makarani hawa! Akaandika funksheni, kipande kidogo cha programu, ya kulinganisha majina na vijiji, kisha prosija, mfuatano wa amri, ya kuunganisha yaliyofanana. Kufumba na kufumbua, saba wakawa mmoja.

Raudha, mkubwa wake, alimuuliza kama wenyewe wameulizwa. Wangechi alijibu kwamba hifadhidata haihitaji kupiga hodi.

Jumatatu simu zikaanza. Daktari wa mifugo alikuwa amefika kwa mzee mmoja na chanjo za ng'ombe ishirini na watatu, na mzee alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Wengine sita walikuwa wamepeleka maziwa asubuhi wakaambiwa hawajulikani.

Raudha hakumkaripia. Alimtuma Kiriaini na kumtakia mazungumzo mema.

Wazee walikuwa wameketi ofisini mwa chama, wote saba, wakimngoja kama mkwe aliyechelewa. Aliwaeleza habari za funksheni. Walimsikiliza kwa heshima iliyomtoa jasho.

"Guka wetu alizaa wanaume saba," alisema mkubwa wao, akimtaja babu yao. "Kila mmoja akapatia kijana yake ya kwanza jina ya guka. Sasa tungefanya aje? Na kwenu, mko Wangechi wangapi?"

Wangechi aliinamisha kichwa. "Wanne," alisema. Na mmoja wao alilala naye kitanda kimoja utoto mzima.

Hapo wazee wakacheka, chai ikaletwa, wakamfundisha: huyu ni Moffat wa Darajani, yule wa Redio. Wa mwisho alikuwa Moffat wa Mbuzi, naye alikataa kabisa kueleza sababu.

Aliporejea Nyeri, Wangechi aliwarudisha wote orodhani kutoka kwenye nakala ya akiba. Prosija mpya haikuunganisha mtu. Ililinganisha nambari za vitambulisho, ikaorodhesha wanaoshukiwa, ikamwachia karani aulize. Raudha aliisoma mstari kwa mstari, akasema imekaa vizuri.

Alhamisi ikaja orodha ya Kangari, yenye Gicheru wanane. Wangechi aliiangalia kitambo, kisha akampigia karani simu.