Tapeli wa Kwenye Gemu

Kudra alikuwa binti fundi simu pale Manyoni, karibu na stendi, na ubishi wake ulijulikana kuliko ufundi wake. Wiki ya tatu sasa alikuwa akihangaika na kimashine cha gemu cha kushika mkononi, cha enzi zile yuko shule ya msingi. Alitaka kitume na kupokea meseji za WhatsApp kama simu.

"Kudra, hicho kilitengenezwa kuchezea mpira," alimwambia Abdillahi, fundi mwenzake wa meza moja. "Unambebesha kuku mzigo wa punda."

"Ndiyo maana nimemtafutia punda wa kumsaidia."

Punda mwenyewe ni kompyuta kuukuu iliyopokea meseji, ikazipunguza uzito, kisha ikazirusha kwenye kimashine zikiwa maneno matupu. Jumanne ile, saa tano asubuhi, kikakubali. Kudra aliruka hadi bisibisi zikamwagika. Mama Redempta, mteja aliyekuwa akisubiri kubadilishiwa kioo, naye akaruka bila kujua wanashangilia nini.

Meseji ya kwanza ilikuwa haki ya mama yake Kudra, Bi Maryam, muuza vitenge wa Singida mjini. Kuandika kulikuwa kazi: kila herufi uifuate kwa kusukuma kidude kwa dole gumba, halafu ubonyeze. Dakika nne zikaenda. "Shikamoo mama. Ni Kudra. Naandika kwa gemu."

Laini iliyotumika ilikuwa ya ofisini, mama haijui. Jibu likaja fasta: "Tapeli umekosa kazi. Mwanangu ana simu."

Abdillahi alicheka hadi akashika meza. "Mpigie basi umwambie."

"Nikimpigia, mashine itakuwa imeshindwa. Simpigii ng'o!" Akaandika: "Niulize chochote."

"Haya. Darasa la nne, siku ya Idi, ulimwambia nini shangazi yako?"

Kudra akafumba macho, akaanza kubonyeza. Mama Redempta, ambaye alishasogeza kigoda, alisoma kwa sauti kadiri maneno yalivyotokea. "Pi-la-u ya-ko i-na ma-we. Pilau yako ina mawe! Ulimwambia hivyo mtu mzima?"

"Jino lilivunjika, mama!"

Vijana wa kibanda cha chipsi cha jirani wakasogea. Bi Maryam hakuridhika. "Hilo shangazi amelisimulia mji mzima. Swali la mwisho. Kudra akinipigia kila Ijumaa, anamsifia fundi gani mpaka salio linakata?"

Mama Redempta alilisoma hilo kwa sauti ya mnadani. Abdillahi aliinamia simu aliyokwisha kuifunga, akaanza kuifungua upya.

Kudra alihisi masikio yanawaka moto. Angeweza kuzima tu, yakaisha. Lakini wiki tatu! Akageukia ukutani ili aandike kwa siri. Mama Redempta akageuka naye.

"A," akatangaza. "B. D. I..."

"Abdillahi!" vijana wa chipsi wakapayuka, kabla herufi ya tano haijaonekana. Skrubu zote zilizokuwa mkononi mwa Abdillahi zikaenda chini.

Jibu likaingia. Halikuwa na neno hata moja, ila vimraba vitupu kumi na viwili, vimejipanga mstari mmoja.

"Hivi ndiyo nini?" akauliza Mama Redempta.

"Ni vile vikatuni vya kwenye simu, mama. Kimashine hakijui kuvichora."

"Vya kucheka au vya kulia?"

"Sijui!"

"Vinaweza kuwa ngumi," akasema Abdillahi kwa unyonge, bado yuko chini ya meza anaokota.

Hapo simu ya Kudra ikaita. Ni mama yake, anacheka mpaka anakohoa. "We mtoto! Kumbe kweli ni wewe! Huyo Abdillahi yupo hapo? Nipe."

Abdillahi aliipokea kwa mikono miwili, akasimama wima. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Na wewe huwa unamsifia mwanangu kwa nani?"

Aliwatazama vijana wa chipsi, akamtazama Mama Redempta, mwisho akamtazama Kudra. "Kwa kila mtu, mama. Isipokuwa yeye."

Kudra alicheka hadi akashikwa na kwikwi. Mama Redempta akapiga vigelegele vilivyosikika hadi ng'ambo ya reli, na simu yake hakuna aliyeigusa hadi saa tisa.